Kugeuza futi na inchi kuwa milimita: mwongozo kamili wa vipimo vya urefu kwa ujenzi mdogo

Ramani imechorwa kwa futi. Mbao zinaitwa kwa inchi. Bodi zimeandikwa milimita. Tepu mkononi ina vyote, inchi ukingo mmoja na sentimita ukingo wa pili. Ukianza kazi hivyo hivyo, huku ukigeuza kipimo kila unapokihitaji, mara kwa kalkuleta, mara kwa kichwa, mara kwa kuangalia upande wa pili wa tepu, ukuta utakuwa na urefu wa aina mbili kabla hujafika kwenye paa.

Njia iliyo salama ni hii: geuza vipimo vyote mara moja, mezani, kabla ya kukata chochote, kisha fanya kazi kwa kipimo kimoja tu hadi mwisho. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kazi kubwa ni kujua namba ipi inafaa kugeuzwa, ipi haifai, na lini uache desimali.

Nitatumia mfano mmoja mwongozo mzima: stoo ndogo ya mbao. Ramani yake inasema urefu wa nje futi 10, upana futi 8, ukuta futi 6 inchi 10½, nafasi ya mlango futi 2 inchi 8, nafasi ya dirisha upana futi 2 inchi 7⅜, na nguzo za ukuta kila inchi 16, kati hadi kati.

Hatua ya 1: Shika namba moja, 25.4

Inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Hilo si kadirio. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba yadi moja iwe mita 0.9144, na hapo inchi ikafungwa kwenye milimita 25.4 bila mkia wowote wa desimali. Futi ni inchi 12, kwa hiyo futi moja ni milimita 304.8. Yadi ni futi 3, yaani milimita 914.4.

Kwa hiyo huhitaji kukariri jedwali. Ukijua 25.4 na ukijua futi ina inchi 12, yote mengine unayapata mwenyewe. Kanuni ni mbili tu:

Inchi × 25.4 = milimita
Milimita ÷ 25.4 = inchi

Usitumie "futi ni sentimita 30" kwenye kazi ya kukata. Kwa futi moja kosa ni karibu milimita 5, na macho yanaweza kulivumilia. Kwa urefu wa stoo yetu, futi 10, kosa linafika milimita 48, upana wa ubao. Makadirio ya namna hiyo yanafaa kwa jambo moja: kukagua kama jibu la kalkuleta lina akili. Futi 10 lazima iwe karibu na milimita 3000. Ukiona 304 au 30480, umekosea nukta mahali.

Hatua ya 2: Chagua milimita, uandike milimita

Sentimita zinapendwa kwa sababu tepu nyingi zimeandikwa hivyo, lakini kwa ujenzi nakushauri uchague milimita. Sababu ya kwanza ni kwamba unaandika namba nzima, bila nukta inayoweza kufutika kwenye karatasi iliyoloa au kusomwa vibaya. Sababu ya pili ni kwamba ramani nyingi za majengo za mfumo wa mita huandika milimita bila kutaja kipimo: ukiona 2400 peke yake, ni milimita.

Kuchanganya sentimita na milimita ndiko kunakozaa makosa ya mara kumi. Mtu anaandika "240" akimaanisha sentimita, mwenzake anaisoma milimita. Mkubaliane tangu mwanzo, na juu ya karatasi ya vipimo andikeni kwa herufi kubwa: VIPIMO VYOTE NI MILIMITA.

Hatua ya 3: Soma kipimo sawasawa kabla ya kukigeuza

Hapa ndipo watu wanaojua hesabu vizuri huteleza. Futi ina inchi 12, si 10, na kalkuleta haijui hilo.

Chukua "futi 8.5". Ni futi nane na nusu, yaani futi 8 inchi 6, ambayo ni milimita 2591. Mwingine ataisoma futi 8 inchi 5 na kupata 2565. Tofauti ni inchi nzima. Kibaya zaidi ni pale mtu anapoandika futi 6 inchi 10 kama "6.10". Ukiiingiza hivyo kwenye kalkuleta na kuzidisha kwa 304.8, unapata 1859. Jibu sahihi la futi 6 inchi 10 ni 2083. Ukuta umepungua zaidi ya sentimita 22, na mlango hautaingia.

Kwa hiyo, kabla ya kuzidisha chochote, peleka kipimo chote kwenye inchi: futi zidisha kwa 12, ongeza inchi, kisha ongeza vipande vya inchi vikiwa desimali.

Vipande hivyo hupatikana kwa kugawanya namba ya juu kwa ya chini. Nusu ni 0.5, robo ni 0.25, robo tatu ni 0.75, na ⅜ ni 3 ÷ 8 = 0.375. Tepu nyingi za inchi zimegawanywa hadi sehemu 16. Ukitaka kuzisoma bila kuchoka, angalia urefu wa mistari: mstari mrefu kuliko yote katikati ya inchi ni nusu, unaofuata kwa urefu ni robo, kisha ya nane, na mifupi kabisa ni ya kumi na sita. Hesabu mistari yote, mirefu na mifupi, kutoka inchi kamili iliyopita, uandike juu ya 16. Mistari 11 ni 11/16.

Hivi ndivyo vipande vinavyotokea mara nyingi, kwa milimita:

1/16 = 1.6
⅛ = 3.2
¼ = 6.35
⅜ = 9.5
½ = 12.7
⅝ = 15.9
¾ = 19.05
⅞ = 22.2

Hatua ya 4: Geuza orodha yote kwa mkupuo mmoja

Chora safu tatu: kipimo cha ramani, kipimo hicho kwa inchi tupu, na milimita. Safu ya katikati usiiruke, maana ndiyo itakayokuonyesha kosa lilipo jibu likikataa.

Urefu: futi 10 → inchi 120 → 3048
Upana: futi 8 → inchi 96 → 2438.4
Ukuta: futi 6 inchi 10½ → inchi 82.5 → 2095.5
Mlango: futi 2 inchi 8 → inchi 32 → 812.8
Dirisha: futi 2 inchi 7⅜ → inchi 31.375 → 796.925
Nguzo: inchi 16 → 406.4

Ukimaliza, rudi kinyumenyume: gawanya kila jibu kwa 25.4 uone kama unarudi kwenye safu ya katikati. Afadhali dakika chache za kukagua kuliko ubao uliokwisha kukatwa.

Hatua ya 5: Amua lini uache desimali

Msumeno wa kawaida na penseli ya seremala havijui sehemu ya kumi ya milimita. Mwishowe utaandika namba nzima. Lakini mwishowe, si katikati. Kila unapokata desimali kisha ukaitumia namba hiyo kwenye hesabu nyingine, kosa dogo linazaa.

Kwa kipimo kinachosimama peke yake, nenda kwenye namba nzima iliyo karibu: upana wa stoo ni 2438. Kwa tundu linalopokea kitu, kama nafasi ya mlango au dirisha, panda juu: 812.8 iwe 813, na 796.925 iwe 797. Kwa kitu kinachoingia ndani ya kingine, shuka chini. Milimita moja ya nafasi unaweza kuijaza. Milimita moja iliyozidi utairanda mpaka uchoke.

Vipimo vinavyojirudia ndivyo vinavyohitaji uangalifu kuliko vyote. Nguzo za stoo zinakaa kila milimita 406.4. Ukiamua "ni 406" na kupima kila nguzo kutoka kwenye alama ya nguzo iliyopita, kufika nguzo ya sita umepoteza milimita 2.4, na bado hujahesabu unene wa mstari wa penseli unaoongezeka kila mara. Badala yake, zidisha kwanza, kisha uondoe desimali, halafu ushike mwisho wa tepu mahali pamoja na kuweka alama zote bila kuihamisha:

406, 813, 1219, 1626, 2032, 2438.

Unaona nafasi kati ya alama si sawasawa: mara 406, mara 407. Ndivyo inavyotakiwa. Kila alama iko ndani ya nusu milimita ya mahali pake halisi, na kosa halijilimbikizi.

Sasa huenda mtu akakuambia: kwa nini tusiweke 400 tu, namba nzuri? Tazama kinachotokea. Tuseme bodi za kufunika ukuta zina upana wa futi 4, yaani 1219.2, ambazo mara nyingi huandikwa 1220. Nguzo ina unene wa milimita 38. Ukiweka nguzo kila 400, katikati ya nguzo ya tatu ni 1200, na nguzo hiyo inaishia 1200 + 19 = 1219. Ukingo wa bodi unafika 1219 na kidogo. Bodi ya kwanza imeifunika nguzo yote, imeimaliza. Bodi ya pili haina mbao ya kupigiliwa msumari. Ungeweka nguzo kwenye 1219, ukingo wa bodi ungekaa katikati ya nguzo, milimita 19 kwa bodi ya kwanza na 19 kwa ya pili.

Hiyo haimaanishi 400 ni mbaya. Bodi za 1200 kwa 2400 hupatana nayo kabisa, maana 400 mara tatu ni 1200. Shida inakuja ukichanganya. Kwa hiyo, kabla ya kugeuza ramani, ulizia bodi utakazopata zina ukubwa gani. Ukipata za 1220 kwa 2440, fuata ramani ya futi na uigeuze kwa usahihi. Ukipata za 1200 kwa 2400, ni bora uichore upya ramani kwa namba za mita: stoo ya 3000 kwa 2400, nguzo kila 400, paa nalo likokotolewe upya. Nusu huku na nusu kule ndiko kunakoleta vipande vyembamba vya kubandika pembeni.

Hatua ya 6: Jina la bidhaa usiligeuze

Ukisikia "mbao ya 2 kwa 4", mkono unataka kuzidisha: 50.8 kwa 101.6. Subiri. Kwa mbao nyingi hilo ni jina linalotokana na ukubwa wake kabla ya kukaushwa na kurandwa. Katika vipimo vya Amerika ya Kaskazini, 2 kwa 4 iliyorandwa ina inchi 1½ kwa 3½, yaani milimita 38 kwa 89, na 2 kwa 6 ni 38 kwa 140. Mbao iliyopasuliwa bila kurandwa inaweza kukaribia 50 kwa 100. Jina moja, vitu viwili.

Tuone inavyogusa stoo yetu. Ukuta una ubao mmoja uliolazwa chini na mbao mbili zilizolazwa juu, nguzo zikisimama katikati. Urefu wa ukuta ni 2095.5. Kama mbao ni za 38, tatu zinachukua 114, na nguzo inakatwa 1981. Kama ni za 50, zinachukua 150, na nguzo inakatwa 1945. Ukikata kwa kuamini jina badala ya kupima, ukuta unakosa urefu wake kwa zaidi ya sentimita 3, tena nguzo zote kwa pamoja.

Mambo ni hayo hayo kwenye vitu vingine. Bomba la chuma linaloitwa la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 21.3, kwa hiyo tundu la 12.7 ukutani halitalipitisha. Plaiwudi ya milimita 18 mara nyingi huwekwa mahali pa ile ya robo tatu inchi, lakini robo tatu ni 19.05, ukichonga mfuo wa 19 kwa ajili ya bodi ya 18, itacheza. Bolti ya nusu inchi na ile ya M12, yaani ya milimita 12, zinafanana kwa macho, 12.7 na 12, ila nyuzi zake hazipatani. Nati ya moja usiilazimishe kwenye nyingine.

Kanuni ninayoisimamia kwa nguvu: vipimo vya ramani vigeuze kwa kalkuleta, vipimo vya bidhaa vipime kwa tepu. Chukua vipande vitatu au vinne kutoka kwenye rundo, upime unene na upana, kisha uandike namba hizo juu ya orodha yako ya kukata.

Hatua ya 7: Ukilazimika kurudi kwenye inchi

Huenda wewe una ramani ya milimita na mwenzako ana tepu ya inchi peke yake. Chukua ukuta wa 2100.

2100 ÷ 25.4 = inchi 82.677. Toa futi kwanza: 82 ÷ 12 ni futi 6, ambazo ni inchi 72, baki inchi 10.677. Sasa desimali, 0.677, izidishe kwa 16 upate 10.83, ambayo iko karibu na 11. Jibu: futi 6 inchi 10 na 11/16. Ukirudi nyuma, inchi 82.6875 × 25.4 ni 2100.3. Kosa ni chini ya nusu milimita.

Ukipata namba shufwa juu ya 16, ipunguze: 10/16 ni ⅝, 12/16 ni ¾. Si lazima kihesabu, ila aliye juu ya ngazi ataipata haraka kwenye tepu.

Hatua ya 8: Eneo na ujazo vina kanuni yake

Namba ya urefu haigeuzi eneo. Mita moja ni futi 3.28, lakini mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.764, kwa sababu 3.28 inazidishwa kwa yenyewe. Mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.3.

Sakafu ya stoo ni futi 10 kwa 8, futi za mraba 80. Ukigawanya kwa 3.28 unapata 24, na utaagiza vifaa mara tatu ya mahitaji. Sahihi ni 80 ÷ 10.764 = mita za mraba 7.43. Mimi napendelea kugeuza pande kwanza, kisha nizidishe: 3.048 × 2.438 = 7.43. Ukifuata njia hii huhitaji kukumbuka namba nyingine yoyote.

Zege la sakafu lenye unene wa inchi 4 lina mtego wake. Pande mbili ziko kwa futi, unene uko kwa inchi, na 10 × 8 × 4 inatoa 320 isiyo na maana yoyote. Peleka vyote kwenye mita: 3.048 × 2.438 × 0.1016 = mita za ujazo 0.755. Kwa zege unaweza kuhesabu unene kama milimita 100 bila wasiwasi wowote, kwa sababu udongo ulio chini haulingani kwa kiwango hicho. Agiza ziada kidogo kwa ajili ya mabonde na umwagikaji.

Hatua ya 9: Kuhamisha namba kwenye mbao

Tumia tepu moja kwa kazi yote. Tepu mbili zinaweza kutofautiana kwa milimita moja au mbili, hasa ikiwa mojawapo imewahi kuanguka na kulabu yake ikapinda. Ile kulabu ya mbele inacheza kidogo, na imetengenezwa hivyo makusudi: mchezo wake ni sawa na unene wake, ili kipimo kiwe sahihi ukiining'iniza ukingoni na pia ukiisukuma ukutani. Usiipige nyundo ikaze. Ukiwa na shaka nayo, anza kupima kwenye alama ya 100, kisha utoe 100 kwenye jibu. Usisahau kutoa.

Tepu ikiwa na kingo mbili, funika ule usioutumia kwa utepe wa karatasi wenye gundi sehemu ya mwanzo. Jicho lililochoka husoma ukingo ulio karibu.

Msumeno nao unakula mbao. Meno yake yakiwa na upana wa milimita 3, bodi ya 2440 haitoi vipande vinne vya 610, ingawa hesabu inakubali. Mikato mitatu inakula 9, na kila kipande kinabaki 607. Andika kwenye orodha ya kukata vipande vya 600, au upange upya.

Mwisho, hakikisha pembe ziko mraba. Njia ya 3, 4 na 5 (pima 3 upande mmoja wa kona, 4 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili iwe 5) haijali kipimo: futi 3, 4 na 5, au milimita 900, 1200 na 1500, pembe itatoka ile ile. Kisha pima kona hadi kona kwa njia zote mbili. Kwa stoo ya 3048 kwa 2438, zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: jibu ni 3903. Njia zote mbili zikisoma 3903, msingi uko mraba na pande zako uligeuza sawasawa. Zikilingana zenyewe kwa zenyewe lakini zikasoma namba nyingine, pembe ni nzuri ila kuna upande mmoja uliogeuzwa vibaya. Rudi kwenye safu ya katikati ya orodha. Zikitofautiana, sukuma kona ya ile iliyo ndefu kuelekea ndani, pima tena, na usipigilie kigingi cha mwisho mpaka zisome sawa.